Lori Likipinduka, Mali Ina Mwenyewe

Kazi ya katibu wa kamati ya msikiti, kwa sehemu kubwa, ni kuandika. Tunaandika michango ya ujenzi, majina ya watoto wa madrasa, na madeni ya bili ya maji. Mara nyingine tunatumwa kuuwakilisha msikiti katika mikutano ya wakazi, na huko pia hatukosi kalamu. Waislamu wa Rungwe ni wachache. Hapa Tukuyu tunakaa bega kwa bega na majirani zetu Wamoraviani, Walutheri na wengineo, maana shida za mtaa hazichagui dini. Kumbukumbu tulizoandika kwa miaka kadhaa zinaonesha kuwa mambo mawili hayakosi katika mikutano hiyo: wizi na barabara.

Kwenye wizi kila mtu ana la kusema. Kuna mikungu ya ndizi inayokatwa usiku, parachichi zinazochumwa kabla mwenye shamba hajazifikia, kuku, simu, pikipiki, hata viatu vilivyoachwa mlangoni mwa msikiti wakati wenyewe wamesujudu. Kwenye barabara wasemaji huwa wachache, na wengi wao ni akina mama. Wanazungumzia watoto wanaovuka barabara kuu wakati wa Magharibi, ukungu umeshuka na lori linateremka. Wanawazungumzia waendesha bodaboda wanaopakia mshikaki, ilhali abiria anayeruhusiwa ni mmoja tu. Wanazungumzia madereva wanaopita katikati ya makazi kana kwamba kibao cha kilomita 50 kwa saa ni pambo.

Lipo jambo la tatu linaloyaunganisha haya mawili, nalo hatujapata kuliona katika ajenda. Ni yale yanayotendeka lori linapopinduka.

Barabara yetu inaanzia Uyole, inapita Igawilo, inapanda hadi Isongole, inashuka Kiwira, inaingia Tukuyu, kisha inateremka hadi tambarare ya Kyela na mpaka wa Kasumulu. Malori yanayokwenda Malawi hupita humu usiku na mchana, yakiwa na mafuta, sukari, saruji na sabuni. Ni njia ya kona na miteremko, katika wilaya ambayo ni miongoni mwa zinazopata mvua nyingi nchini. Aprili 2015 basi dogo la abiria lilitumbukia katika mto Kiwira, na abiria zaidi ya 15 wakapoteza maisha. Septemba 2018, katika mteremko wa Igawilo, lori lilishindwa kusimama likayagonga magari mengine, na watu zaidi ya 10 wakafariki. Misiba hiyo ilitufikia majumbani. Katika kila kona ya wilaya hii yupo anayemjua aliyezika.

Wazee wetu wana kumbukumbu nyingine, nayo ni ya Idweli, kule Isongole. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli kwa ndoo na madumu, moto ukalipuka, wengi wakateketea. Miaka mingi baadaye, tarehe 10 Agosti 2019, yakatokea yale yale Msamvu, Morogoro, zikiwa zimebaki siku chache kufikia Idi ya kuchinja. Waliofariki walipita 100. Taifa zima lililia. Hata hivyo, kila lori linapoanguka, madumu bado yanaonekana.

Tusiharakishe kuwalaumu marehemu, kwani hukumu yao iko kwa Mola wao, na miongoni mwa waliokufa katika ajali za namna hiyo wamo waliokuwa wakipita njia tu. Linalotuhusu sisi tulio hai ni fikra inayompeleka mtu pale. Lori likipinduka, baadhi ya watu huona kuwa mali iliyomwagika imetoka mikononi mwa mwenyewe, imekuwa mali ya njia, na anayewahi ndiye mwenye bahati. Utasikia: “Tajiri ana bima.” Utasikia: “Nisipochukua mimi, atachukua mwingine.”

Tuliosoma fiqhi tunajua kuwa mlango wa kitu kilichookotwa, luqata, ni mpana na una masharti. Hata mkoba ulioanguka njiani, usiojulikana mwenyewe, mwokotaji haufanyi wake papo hapo. Asili ni kuutangaza kwa mwaka mzima. Sasa mzigo wa lori lililopinduka una nini cha kuokotwa? Mwenyewe anajulikana. Jina lake limeandikwa ubavuni mwa gari, hati za mzigo zimo ndani, na dereva wake amelala pale pale akiugulia maumivu. Mali hiyo haijapotea. Ni amana iliyowekwa mbele ya macho yetu na Yule asiyesinzia. Na bima, kama ipo, ni mapatano baina ya tajiri na kampuni yake. Haimpi jirani wa barabara ruhusa ya kubeba kisichokuwa chake.

Tulipewa somo la suala hili kwa vitendo. Lori la bidhaa lilikuwa limeanguka kwenye kona moja ya barabara kuu. Siku chache baadaye alitujia mama mmoja, muumini wetu, mjane anayeuza ndizi. Mwanawe, kijana wa miaka kumi na minne, alikuwa ameleta nyumbani katoni mbili za sabuni za mche. Moja ilikuwa imeshaanza kutumika kabla mama hajaambiwa ilikotoka. Swali lake lilikuwa fupi: nguo zilizofuliwa kwa sabuni ile, je, zinafaa kuswalia?

Tulimjibu kuwa nguo ni tohara na swala yake ni sahihi, ila haki ya mtu bado iko juu ya nyumba yake na ni wajibu irudi. Hapo ndipo alipolia. Hakuwa akiililia sabuni. Aliogopa kwamba akiipeleka, mwanawe atakamatwa, au atavamiwa na watu na kuitwa mwizi mpaka aoe.

Wanazuoni wamelitazama jambo hili kwa huruma. Anayetubia dhuluma ya mali huwajibika kuirudisha mali. Hawajibiki kujianika mbele ya watu. Anaweza kuirudisha kwa mkono wa mtu mwingine mwaminifu, na sitara ya Mola wake ikabaki juu yake. Mzee mmoja wa kamati aliibeba katoni nzima, pamoja na miche iliyosalia na fedha ya miche iliyotumika, akaikabidhi kwa mtendaji ili imfikie mwenye mzigo. Fedha ile mama aliipata kwa kuuza mikungu mitatu ya ndizi. Kijana alikuwepo wakati mama yake anaihesabu, na hatudhani kuwa yapo mawaidha ya Ijumaa ambayo yangemfundisha zaidi ya pale.

Muda si mrefu baadaye ulifanyika mkutano wa wakazi. Hoja ilikuwa wizi wa simu na kuku, na sauti zilikuwa kali. Wako waliosema polisi wanachelewa, mahakama zinaachia, basi akikamatwa mwizi amalizwe pale pale. Jina la kijana mmoja likatajwa, ambaye hakuwepo kujitetea, na ushahidi juu yake ulikuwa kwamba hana kazi na hutembea usiku. Ndipo alipoinuka mzee mmoja wa Kimoraviani, akaegemea fimbo yake, akauliza: “Ndugu zangu, tukianza kuwaua wezi, nani atabaki wa kututangazia mkutano ujao? Sabuni za lori lile ziko katika nyumba ngapi?”

Wachache walicheka. Wengi waliinamisha vichwa, na jina la yule kijana halikutajwa tena siku hiyo.

Swali la mzee yule linalingana na mafundisho tuliyopokea. Amepokea Bukhari, kutoka kwa Abdullah bin Yazid al-Ansari, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mambo mawili kwa pamoja: nuhba na muthla. Nuhba ni kupora mali ya watu waziwazi. Muthla ni kuuharibu mwili wa mtu, kama kukata viungo. Tunapoyatafakari kwa hali yetu, makatazo hayo mawili yanasimama barabarani kwetu. Lori linapopinduka tunaikuta nuhba. Na anapokamatwa mtuhumiwa wa kuku tunakuta mawe, mapanga na tairi la moto, ilhali imekuja katika hadithi kuwa kuadhibu kwa moto ni kwa Mola wa moto pekee. Magazeti huwaita watendaji wa mambo hayo “wananchi wenye hasira kali”, jina linalofanana na udhuru. Qur’ani inatutaka tuchunguze habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua, na Katiba ya nchi yetu, ibara ya 13, inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia.

Hatusemi kuwa wizi unyamaziwe. Anayekatiwa ndizi anakatiwa ada ya shule ya mtoto wake. Tunachosema ni kwamba mtaa hauwezi kuwa na mizani miwili, mmoja wa kumpima mnyonge aliyeiba kuku na mwingine wa kuwapima majirani waliobeba sukari ya lori. Wala mizani hiyo isimsahau dereva anayekimbiza gari lenye abiria kwenye ukungu. Huyo tunamlipa nauli, tunamsifu kuwa anawahi, na anapolipita gari jingine kwenye kona tunashika viti na kunyamaza. Mwenye kuku akiibiwa, kuku mwingine hununuliwa.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi wanaosoma ukurasa huu wayazungumze haya matatu nyumbani, wakiwa wamekaa na watoto wao.

Kwanza, mtoto ajue kabla ya siku kufika kwamba gari likianguka kazi yake ni kukaa mbali na kuita watu wazima. Lori la mafuta halisogelewi, hata kwa kutazama. Watu wazima wazuie moto, sigara na pikipiki zisikaribie, waweke matawi barabarani kuwaonya wanaokuja, wapige 112 kwa polisi na 114 kwa zimamoto, na wanaoweza bila hatari wamsaidie majeruhi. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, na siku hiyo udhia ni mkubwa.

Pili, kitu kigeni kikiingia nyumbani, kiulizwe kilikotoka kabla ya kutumika. Mama yule aliuliza akiwa amechelewa siku mbili, na Allah akamfungulia njia. Wapo watakaochelewa miaka.

Tatu, tuwe na ulimi ndani ya gari. Abiria mmoja akimwambia dereva, “Kijana wetu, punguza mwendo,” huenda akatukanwa. Wakisema sita, gari hupungua. Na katika mikutano tuidai barabara kwa nguvu ile ile tunayowadai wezi: kivuko mbele ya shule, matuta, alama zinazoonekana kwenye ukungu, ukaguzi wa breki kabla ya miteremko. Inasimuliwa kuwa Umar bin Khattab (r.a.) alihofu kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa Iraq kwa kukosa kutengenezewa njia. Sisi tunaomba njia ya watoto.

Sisi kwa upande wetu tumeiandikia ofisi ya mtendaji tukiomba kwamba mkutano ujao uwe na ajenda ya tatu, kwa maneno haya: “Mali na majeruhi wa ajali: wajibu wa wakazi.” Barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Tunawaomba majirani wa dini zote waje.

Ewe Mola, wahifadhi wapitao katika barabara hii, warehemu waliofia humo, na utusafishie vilivyomo majumbani mwetu. Wabillahi tawfiq.