Upunga Nyuma ya Nazi

Kikatiti hakuna mnazi. Hapa petu, kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, kuna migomba, mahindi na maharage. Mlima Meru uko upande wa machweo, na siku wingu linapoondoka, Kilimanjaro huonekana upande wa macheo. Nazi huletwa kwa gari, zimejazwa maguniani. Mama yangu alizaliwa Pangani, akaolewa huku angali msichana, na miaka yote aliyoishi chini ya mlima hakuacha kukuna nazi wala kuitaja kwa majina yake yote.

Mwaka 2014, macho yake yalipokwisha kufifia, nilianza kuyaandika maneno yake. Sikumuuliza kwa kufuata herufi. Nilikaa karibu naye jioni, daftari gotini, nikamwachia njia aipite mwenyewe. Akaanza na mnazi: upunga, yaani ua lake; kidaka, tunda likiwa changa kabisa; kitale, lililokua kidogo lakini halijawa dafu; dafu; koroma, ambalo si dafu tena wala halijawa nazi; kisha nazi yenyewe. Kutoka hapo akaingia jikoni: kifuu, mbuzi, kifumbu, tui, chicha. Baada ya chicha akasema, kuku. Nilicheka, nikidhani amechoka.

"Chicha anapewa nani, mwanangu?" akaniuliza.

Hapo nikafahamu kwamba maneno yale yalikuwa yameshikana mikono, na kwamba nilikuwa nikitembezwa katika nyumba ambayo sikupata kuiona.

Mpwa wangu alikuwa akisomea kompyuta mjini Arusha. Alinitungia programu kwa lugha ya Python, ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991. Lugha hiyo ina chombo kiitwacho kamusi: unakipa ufunguo, nacho kinakurudishia kilichofungiwa humo. Kwetu sisi ufunguo ulikuwa neno la Mama, na kilichofungiwa kilikuwa maana yake. Mimi nilisoma daftarini, yeye akapiga chapa, programu ikahifadhi. Lakini kila tulipoifungua tena, maneno yalikuwa yamevurugika. Leo tui liko mbele ya upunga. Kesho kuku yuko juu ya wote. Keshokutwa mpangilio mwingine kabisa.

"Si neno, Mjomba," aliniambia. "Mwishoni tutayapanga kwa alfabeti."

Nami nilikubali, tena kwa furaha. Mimi sikusoma chuo. Mwalimu wangu wa lugha ni kamusi, nami nilizowea kuamini kwamba mpangilio wa kamusi ndio mpangilio wa maneno.

Mama alifariki mwaka 2015. Daftari nililitia sandukuni. Nilipolifuata mwaka 2017, mchwa walikuwa wamelimaliza, limebaki jalada na vumbi. Mashine ilikuwa nayo maneno yake yote, na maana zake zote, hata moja halikupungua. Kilichopotea ni nini kilifuata nini.

Huzuni ile ndiyo iliyonifundisha nisichokuwa nimeuliza. Msomaji anayelijua bao atanielewa upesi. Bao lina safu nne za mashimo manane manane. Kamusi ndogo ya Python nayo huanza na mashimo manane. Neno likiingia hugeuzwa kwanza kuwa namba, na namba hiyo ndiyo inayolichagulia shimo. Shimo likiwa limekwisha kukaliwa, kanuni hulitafutia jingine. Hapo zamani, ukitaka kujua yaliyomo, mashine ilisoma mashimo toka la kwanza hadi la mwisho, isijali nani alitangulia kuingia. Katika toleo la 2.7 vurugu hiyo aghalabu ilikuwa ile ile kila siku, kama mlevi ajuaye njia yake. Lakini kuanzia toleo la 3.3, la Septemba 2012, namba za maneno zilichanganywa na siri mpya kila programu ilipoanza. Sababu ilikuwa ya haki: iligunduliwa kwamba mwenye nia mbaya anaweza kutuma funguo nyingi zinazogombea shimo moja, akaielemea mashine. Sisi tulikuwa na toleo la 3.4. Kila jioni siri mpya, na kila jioni maneno ya Mama yalipigwa mchanganyo mpya.

Ufumbuzi ulikuja kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2012 Raymond Hettinger alipendekeza kwamba vitu viandikwe katika orodha kwa kadiri vinavyoingia, na mashimoni ibaki namba ya mstari tu. Nia ilikuwa kubana nafasi. Inada Naoki aliitekeleza rai hiyo katika toleo la 3.6, la Desemba 2016, na kamusi zikapungua kwa asilimia 20 hadi 25 ya nafasi zilizokuwa zikila. Mpangilio wa kuingia ukahifadhika, bila kukusudiwa. Waliotoa toleo hilo walionya waziwazi: hivi ndivyo ilivyo, lakini msitegemee. Ni katika toleo la 3.7, la Juni 2018, ndipo jambo hilo lilipofanywa sheria ya lugha.

Nimelitafakari sana pengo hilo la mwaka mmoja na nusu. Kwa macho, matoleo hayo mawili hufanya jambo lile lile. Lililoongezeka ni ahadi. Sisi watunzi twaijua tofauti hiyo: anayeanza kutunga anaweza kupata mizani nane kwa bahati, hata ubeti mzima, aliyeikubali arudhi anadaiwa mizani hiyo katika kila kipande. Simlaumu mpwa wangu, wala mashine. Chombo kingine chenye kuahidi mpangilio kilikuwamo katika Python tangu mwaka 2009. Hatukukiomba, kwa kuwa mimi sikujua kwamba kuna kitu cha kutunzwa.

Kamusi za karatasi nazo zina ahadi zake. Ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hukusanya majina mengi chini ya kitenzi yalikotoka, ukamkuta mpishi jikoni kwa pika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, humweka mpishi penye M. Kila moja hutimiza iliyoahidi. Ila alfabeti haikumwahidi Mama chochote. Kwa alfabeti, mnazi wake husomeka hivi: dafu, kidaka, kitale, koroma, nazi, upunga. Ua limekuja nyuma ya tunda lake.

Mwaka 2019 mimi na mpwa wangu tulikaa tena, safari hii na toleo la 3.7, tukayaingiza maneno upya, moja moja. Mnazi ulijipanga wenyewe, kwa kuwa mti ni shahidi. Jiko nalo likajipanga. Tulikwama penye ngalawa. Kaka yake Mama alitoka na ngalawa, hakurudi. Jioni ile alipolitaja neno hilo alinyamaza kitambo, kisha akataja jingine, nami nikaliandika. Kimya chake nakikumbuka, neno silikumbuka. Nimejaribu kulifuatisha upepo, na taa, na mlango, na uji, na yote yanawezekana.

Mpwa wangu alinionyesha jambo moja zaidi. Chukua kamusi mbili zenye maneno yale yale na maana zile zile, moja imepangwa hivi na nyingine vile, uiulize Python kama ni sawa. Hujibu: kweli, ni sawa. Niliuliza mara mbili.

Katika toleo jipya, neno lililofutwa na kurudishwa hukaa mwisho wa orodha. Basi nilimwomba alifute ngalawa, kisha alirudishe. Sasa liko mwisho kabisa wa maneno ya Mama, na chini yake hapajaandikwa kitu.