Utatafsiri Nini Hapo?

Kwetu Kahe tulilelewa na sinema za banda la video: mtafsiri kashika maiki, hakuna kinachopita bila maelezo. Mhusika akinyamaza, yeye anaujaza ukimya kwa utani na banda zima linacheka. Sasa mpe Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill iliyoiwakilisha Tanzania kuwania Oscar mwaka 2001. Amandina Lihamba ni mwanamke aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, miaka 20 hajatamka neno. Utatafsiri nini hapo?

Ila mtazamaji wa Kiswahili anaingia na ufunguo mkononi. Mgonjwa anaitwa Samehe. Mzimu unaomjia ni Maangamizi. Mgeni atasikia majina tu. Sisi tunasikia amri na kishindo. Anayeambiwa asamehe ndiye aliyenyamaza.

Bibi yangu naye ana jambo hajawahi kulisema, nasi humzungushia soga ili ukimya wake usitutishe. Baada ya filamu hii nilikaa naye jioni nzima bila kumuuliza kitu. Hakusema. Lakini nilipotaka kuinuka, alinivuta mkono nikae.