Mlango wa Fahamu Uliomo Shingoni

Watoto wetu hufundishwa kwamba milango ya fahamu ni mitano, na walimu wengi huishia hapo. Lakini mtoto aliyefumba macho anajua kichwa chake kimeelekea wapi. Habari hiyo huletwa na sikio la ndani pamoja na shingo, hasa misuli midogo iliyo chini ya fuvu, iliyojaa vipokezi vinavyotambua kila mvutano.

Mimi ni miongoni mwa walimu wenye maumivu ya shingo. Maumivu haya mara nyingi hayana kidonda wala uvimbe, na aliye nayo hudhaniwa kuwa mvivu. Ndiyo maana nilivutiwa na kazi ya daktari Mfaransa, Michel Revel, na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1991. Walipima watu 30 wenye maumivu ya shingo na 30 wasio nayo. Kila mmoja alivikwa kofia yenye taa ya mwali mwembamba, akaketi sentimita 90 kutoka kwenye shabaha. Akiwa hana msaada wa macho, aligeuza kichwa, kisha akajaribu kukirudisha pale kilipoanzia. Umbali kutoka kitovu cha shabaha hadi doa la mwanga ulionyesha kosa lake. Wenye maumivu walikosea zaidi. Mpaka uliopendekezwa ni nyuzi 4.5, yaani kiasi cha sentimita 7 kwa umbali ule.

Darasani yatosha kurunzi ndogo iliyofungwa kwenye kofia na kuzibwa kwa karatasi yenye tundu, pamoja na rula na chaki. (Leza isitumike mbele ya macho ya watoto, wala mwenye kuumwa shingo asishurutishwe.)

Kipimo kimoja hakitoshi. Revel alirudia mara 10. Hapo ndipo somo la Hesabu linapokuwa tamu. Tuseme mwanafunzi amepita shabaha kwa sentimita 3 upande wa kulia, na mara ya pili sentimita 3 upande wa kushoto. Ukihesabu kulia kuwa chanya na kushoto kuwa hasi, wastani ni sifuri, kana kwamba hakukosea kabisa! Ukiacha alama hizo, wastani wa kosa ni 3. Waacheni wanafunzi wabishane juu ya majibu hayo mawili kabla hamjawaeleza neno. Jibu la kwanza laonyesha kama mtu huelemea upande mmoja. La pili laonyesha ukubwa wa kosa.

Hata hivyo, wapo wenye maumivu makali ambao hurudisha kichwa barabara, na wapo wazima wanaokosea. Kwa hiyo mwalimu asikubali mtu yeyote aambiwe kwamba haumwi kwa sababu doa lake limeangukia kitovuni. Kinachopimwa hapa ni fahamu ya mahali kichwa kilipo, wala si maumivu. Mwaka 1994 Revel na wenzake walitoa habari kwamba mazoezi ya kuunganisha mwendo wa macho na wa kichwa yaliongeza usahihi wa wagonjwa, na maumivu yao yakapungua.