Saa Isemayo Kiswahili: Tulichorudi Nacho kutoka Sarajevo



Msafiri wa pwani akirejea, swali la kwanza analoulizwa barazani si "umeona nini?" bali ni "umetuletea nini?" Halina ubaya swali hilo. Mtume wetu alituhimiza tupeane zawadi ili tupendane, na mkono mtupu haujui njia ya kwa jirani. Basi tangu mimi na mama watoto turudi safari yetu ya Juni, tumeulizwa na wengi, nami nimeona niwajibu kwa kalamu, kwa kuwa jibu lenyewe ni refu kuliko begi letu.

Kijana wetu anayefanya kazi Ujerumani ndiye aliyetualika. Alitaka kutupeleka kwenye miji mikubwa yenye maduka na minara ya kupigia picha. Mamake akamwambia, "Mwanangu, tupeleke mahali ambapo nitaisikia adhana." Ndipo tukaenda Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, ulio katika bonde lililozungukwa na milima, na katikati yake unapita mto mwembamba uitwao Miljacka. Waislamu wake ni watu weupe wa Ulaya, wenyeji wa nchi ile, wala si wageni waliohamia juzi. Dini iliingia kwao pamoja na dola ya Uthmaniya katika karne ya 15, ikabaki hata dola yenyewe ilipoondoka.

Jioni ya kwanza tuliswali Magharibi katika msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa mwaka 937 Hijria, yaani 1530 au 1531 Miladia. Kando yake upo mnara wa saa. Tulipotoka, mama watoto aliinua macho, akasimama. Simu ya kijana wetu ilionyesha kuwa ni saa mbili u nusu za usiku, kwani Juni kule jua huchelewa mno kutua. Lakini mishale ya saa ile ya mnarani ilikuwa imepita kidogo tu kwenye kumi na mbili. Kijana akasema, "Saa hii imeharibika." Mamake akacheka: "Haikuharibika. Saa hii inasema Kiswahili!"

Naye alisema kweli. Saa ya mnara ule huhesabiwa kuanzia kuchwa kwa jua. Jua linapotua, mishale hukutana kwenye kumi na mbili, kama vile sisi tunavyosema saa kumi na mbili za jioni, kisha saa moja ya usiku ikafuata. Hiyo ndiyo hesabu ya kiislamu, ambayo usiku hutangulia mchana, na ndiyo sababu wazee wetu huita usiku wa Ijumaa ule unaotangulia Ijumaa yenyewe. Tofauti yetu nao ni moja. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, na jua letu halihitilafiani sana mwaka mzima. Wao jua lao hutua saa mbili u nusu mwezi wa Juni, na Disemba hutua kabla ya saa kumi na moja ya jioni. Basi kuna mtu maalumu, muwakkiti, ambaye kazi yake ni kupanda mnarani na kuirekebisha saa ili isiliache jua. Nilijiuliza: sisi ambao Mungu ametufanyia wepesi, hata hatuhitaji wa kupanda mnarani, mbona watoto wetu wengi leo hawajui kusoma saa kwa hesabu ya nyumbani kwao?

Asubuhi yake tulikwenda Baščaršija, soko la zamani. Katikati ya uwanja kuna bomba la maji lililojengewa kibanda cha mbao, nao huliita Sebilj. Msomaji atalitambua neno hilo, kwani ni lile lile sabili letu, kitu kilichotolewa kwa ajili ya Mungu, mpita njia anywe bila ya kulipa. Wenyeji husema anayekunywa maji yake hana budi kurudi mjini. Tulikunywa, na kurudi tumemwachia Mola.

Kisha tukaingia uchochoro wa mafundi shaba, mahali ambapo nyundo hazinyamazi. Fundi mmoja, mzee wa makamo yangu, alizungumza na kijana wetu kwa Kijerumani, kwani watu wengi wa Bosnia walikimbilia Ujerumani wakati wa vita. Alituonyesha kibirika cha shaba chenye mkono mrefu, ndani kimepakwa bati, wanachokiita džezva, pamoja na sinia yake na vikombe vidogo visivyo na mikono. Nikamuuliza vikombe hivyo vinaitwaje. Akasema, fildžan. Mama watoto akadakia, "Finjani!" Fundi akashangaa. Tukamweleza kuwa sisi nasi ni watu wa kahawa tungu na finjani, na kuwa kwetu kahawa hunywewa kwa tende au haluwa kama wao wanavyoinywa kwa donge la sukari na rahat lokum. Akafurahi, akauliza: "Na kahawa mnaimimina kutoka nini?"

Hapo nilinyamaza. Nitawaeleza sababu, ingawa si sifa njema kwangu.

Marehemu mama yangu alikuwa na dele la shaba alilorithi kwa mamake. Kila Idi lilisuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka likang'aa, na kila msiba lilikaa juu ya seredani mkesha mzima. Alipofariki likaja kwangu. Miaka mingi iliyopita alipita mlangoni mnunuzi wa vyuma vikuukuu, nami, kwa kuwa tulikwisha nunua chupa ya chai, nilimpa dele lile kwa shilingi chache. Mama watoto alinizuia. Nilimwambia chombo ni chombo. Hakunijibu siku ile, wala hakulitaja tena jambo hilo kwa miaka yote, mpaka tulipokuwa mbele ya fundi yule maelfu ya kilomita kutoka nyumbani. Aliniangalia tu, kisha akamjibu fundi kwa niaba yangu: "Tulikuwa na dele."

Tulinunua kibirika na finjani sita. Bei yake ilikuwa mara nyingi zaidi ya nilichopewa kwa dele la mama yangu.

Katika maduka yale yale huuzwa vitu vingine. Maganda ya risasi na ya mizinga hukusanywa, yakachorwa nakshi, yakafanywa kalamu na vyombo vya kuwekea maua. Sarajevo ilizingirwa tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996, siku 1,425, na watu zaidi ya 11,000 waliuawa, watoto wakiwemo. Watu walipigwa mabomu wakiwa foleni ya mkate na foleni ya maji. Chakula na dawa vilipitishwa katika handaki la mita 800 hivi, lililochimbwa chini ya uwanja wa ndege mwaka 1993. Hadi leo utaona katika njia mashimo ya mabomu yaliyojazwa utomvu mwekundu, nao huyaita waridi.

Kijana wetu alitaka kununua kalamu ya ganda la risasi. "Si bora risasi iwe kalamu, mama?" Mamake akamjibu, "Ni bora, mwanangu, kwa yule aliyepigwa nayo. Yeye akiigeuza kalamu, ameshinda. Sisi tukiiweka kabatini, tumepamba nyumba kwa msiba wa mtu." Mimi msomi wa madrasa sikuwa na la kuongeza.

Badala yake alichagua ua dogo la kufumwa kwa uzi, jeupe na katikati yake kijani, lenye petali 11. Ni ukumbusho wa tarehe 11 Julai 1995, siku ulipotekwa mji wa Srebrenica, wakauawa Waislamu zaidi ya 8,000, wengi wao wanaume na vijana. Weupe ni usafi wa waliouawa, kijani ni matumaini. Mama zao na wajane wao ndio waliotafuta mifupa, wakaisimamisha kesi mbele ya ulimwengu, na baadhi yao walizika kiungo kimoja kimoja kadiri kilivyopatikana. Tunapoketi kujadili nafasi ya mwanamke katika dini, tuwakumbuke akina mama hao, ambao subira yao haikuwa kunyamaza.

Siku ya tatu nilikwenda mahali nilipopatamani kuliko pote. Mwaka 1537 Gazi Husrev-beg alipoiwekea wakfu madrasa yake, aliagiza kuwa fedha zitakazobaki katika ujenzi zinunuliwe vitabu. Kwa sharti hilo moja ikazaliwa maktaba ambayo ipo hadi leo, ina maelfu ya hati za mkono, na madrasa nayo ingali inasomesha, wavulana na wasichana. Miongoni mwa hati zake za kale ni nakala ya Ihya ya Imam Ghazali, iliyoandikwa mwandishi mwenyewe akiwa bado hai. Mimi kitabu hicho nilikisoma kwa mwalimu wangu nikiwa nimekaa juu ya mkeka, nacho kilikuwa chapa ya bei rahisi yenye kurasa zinazopukutika. Kuambiwa habari za nakala ile kulinifanya niseme subhanallah, nikakosa la pili.

Wakati wa vita, maktaba za mji zililengwa makusudi. Mei 1992 ilichomwa taasisi iliyohifadhi zaidi ya hati 5,000 za Kiarabu, Kituruki na Kifarsi, zikawa jivu. Agosti mwaka huo huo ikachomwa maktaba ya taifa katika jumba la Vijećnica. Lakini vitabu vya Gazi Husrev-beg viliokoka. Wafanyakazi wake walivitia katika makasha ya ndizi, wakavibeba kwa mikono yao chini ya risasi, wakavihamisha tena na tena kutoka jengo hadi jengo. Miongoni mwao alikuwamo mlinzi wa usiku wa maktaba, Mwislamu mtu wa Kongo, aliyekwenda kule kwa masomo akakutwa na vita. Mwafrika mwenzetu alihatarisha roho yake kwa vitabu ambavyo babu zake hawakuviandika, kwa kuwa aliviona ni amana.

Usiku ule sikulala vyema. Sikuwa nikifikiri vita vyao. Nilifikiri kasha la marehemu baba yangu, lililo chini ya kitanda katika chumba cha nyuma, ambalo sikulifungua tangu tulipomzika.

Tuliporudi nyumbani, kabla ya kugawa zawadi, nililivuta kasha lile. Nilikuta misahafu miwili, karatasi za mashairi kwa hati za Kiarabu, maulidi yaliyonakiliwa kwa mkono wake, na daftari la tarehe za kuzaliwa watoto wa ukoo. Karibu thuluthi yake mchwa walikuwa wamekwisha kula. Hapakuwa na bomu wala adui. Palikuwa na mimi tu, na uvivu wangu. Mama watoto alikuja na kitambaa kikavu, akakaa chini, tukaanza kufuta ukurasa baada ya ukurasa. Hakuniambia neno la dele. Nikamwomba radhi mwenyewe, akasema, "Tuyatazame haya yaliyobaki."

Basi, ndugu zangu, mlioniuliza nimeleta nini, jibu ni hili. Finjani sita, na tunazitumia, hatukuzifungia kabatini. Ua moja jeupe, limebandikwa sebuleni, na kila mtoto anayeuliza huelezwa habari yake. Na ombi moja kwenu, hasa akina mama, kwa sababu nyinyi ndio mnaojua kilichomo katika kila kasha la nyumba. Ijumaa hii baada ya chakula, fungueni makasha. Kilicho karatasi kifuteni vumbi, kikunjeni katika kitambaa safi cha pamba, kiwekeni juu mbali na unyevu na mchwa, na mpigieni picha kila ukurasa kwa simu, nakala moja mtunze nyinyi na moja mmtumie jamaa aliye mbali. Kilicho shaba kisugueni, kitieni kahawa. Aliye na bibi ambaye angali hai, na akae naye amuulize kila kitu kinaitwaje na kimetoka kwa nani. Na mwenye uwezo wa kujenga madrasa au kuikarabati, na aweke sharti kama la Gazi Husrev-beg, kwamba kinachobaki kinunuliwe vitabu. Sadaka yenye kuendelea haihitaji mtu awe gavana.

Tukiviuza wenyewe mlangoni kwa shilingi chache, hatutakuwa na wa kumlaumu.

Namwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa Bosnia, awape subira mama zao, atusamehe tuliyoyapoteza, na atujaalie kuwa walinzi wema wa yaliyobaki. Amin.