Kanyaga Taratibu

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye taa za barabarani, hapa Dodoma mjini, saa moja asubuhi. Nilikuwa nimesimama, mguu juu ya pedali ya breki, nasubiri taa ya kijani. Pedali ikaanza kuzama. Ilishuka kidogo kidogo, kama mtu anayesinzia, na gari likasogea mpaka likakaribia kugusa bajaji iliyokuwa mbele. Nikakanyaga tena kwa nguvu. Pedali ikarudi juu, ngumu, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Siku nne zilizofuata breki zilikuwa nzima. Nikajiambia labda mguu uliteleza.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, la mwaka 1998, nililinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Siku ya tano likarudia. Nikaenda gereji. Fundi wa kwanza alilipeleka kwenye barabara tupu, akakimbiza mpaka 60, akakanyaga. Gari likasimama palepale. “Breki zako nzima kabisa, bosi.” Hata hivyo akabadilisha pedi.

Fundi wa pili alifungua kikopo cha mafuta ya breki akanionyesha yalivyokuwa meusi. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huyashushia kiwango cha kuchemka: yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205, lakini yakishalowana yanaweza kuchemka kuanzia 140, na mvuke hausukumi breki. Akamwaga yote, akatia mapya, akatoa upepo. Nikamwona mjuzi. Baada ya wiki moja pedali ikazama tena, mchana, kwenye foleni.

Fundi wa tatu aliingia uvunguni, akakagua magurudumu yote manne. Hakuona hata tone. “Gari lako linapona likifika gereji,” akasema. “Lilete likiwa linaumwa.”

Nikaendelea kuliendesha. Hilo ndilo ninaloona aibu kulieleza. Breki zilizokufa kabisa zingeniacha nyumbani. Hizi zilikuwa zinarudi, na kila ziliporudi nilizisamehe.

Kisha mama akaja kutoka Mpwapwa, kwa kliniki yake pale Hospitali ya Benjamin Mkapa. Nilimwahidi kumrudisha mwenyewe, zaidi ya kilomita mia moja, asihangaike na basi. Asubuhi ya safari, hata mjini hatujatoka, tulifika kwenye kivuko cha wanafunzi. Kwa sababu yake nilikanyaga breki polepole, nisimtikise. Mtoto mmoja mwenye sweta la bluu alikuwa ameshaingia kwenye mistari myeupe. Pedali ikaenda mpaka chini.

Nilivuta hendibreki kwa mikono miwili. Gari likasimama tairi za mbele zikiwa juu ya mstari wa kwanza. Mtoto alitutazama, akapandisha begi mgongoni, akavuka.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza, “Ilianza lini?”

“Wiki ya tatu hii, mama. Ila huwa inarudi.”

“Na wewe unaiamini kwa sababu inarudi.”

Akanyamaza, kisha akataja Igandu. Sikuhitaji maelezo. Tarehe 24 Juni 2002, kwenye reli ya upande wa kwetu, treni ya abiria yenye watu zaidi ya elfu moja ilishindwa kushikwa na breki kwenye mteremko karibu na Igandu. Ilirudi kinyumenyume, kasi ikizidi, mpaka ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Walikufa watu 281. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka nyumba ambazo watu wazima waliongea kwa sauti ya chini. Kwetu sisi, breki si neno la gereji peke yake.

Nilimpeleka mama stendi. Alipanda basi.

Fundi wa nne alikuwa mzee. Kabla hajagusa gari aliuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: “Ikizama, huwa unakanyaga vipi?” Nikafikiri. Kwenye taa, kwenye foleni, kwenye kivuko: kila mara nilikuwa nimekanyaga kidogo tu.

Aliketi, akawasha injini, akaweka mguu kwenye pedali kana kwamba anamgusa mtoto aliyelala. Hakusema neno. Tulipofika kama sekunde ya ishirini, goti lake likaanza kushuka.

Alinieleza. Ndani ya masta ya breki kuna raba. Zikichakaa, mguu mzito bado huzitanua zikabana ukuta, breki zikashika vizuri. Mguu mwepesi hauzitanui, na mafuta yanapenya pembeni yakarudi yalikotoka, humohumo ndani. Ndiyo maana hakuna tone lililoonekana chini. Na ndiyo maana kila fundi aliyekanyaga kwa nguvu, na mimi mwenyewe nilipokanyaga kwa hofu, tulijibiwa kwamba mambo ni mazuri.

Alifunga masta mpya. Mwezi uliofuata mama alipokuja kliniki nilimfuata stendi. Kabla ya kuondoka niliwasha injini, nikakanyaga taratibu, nikahesabu mpaka 30. Mama aliniangalia mguu, si uso. Nilipomaliza kuhesabu, akafunga mkanda.