Cheti Kilichokaa Ndani ya Droo

Mjukuu wangu mpendwa,

Mwezi ujao narudi Vihiga, na ngazi za nyumba hii ya Kilimani hazitaniona tena. Kabla sijafunga mizigo, nina neno nawe. Ulipopata B katika mtihani wa sekondari ukakosa nafasi ya kusomea udaktari, ulijifungia chumbani siku mbili ukisema njia imezibwa. Iliyozibwa ni moja tu.

Kila asubuhi unapita Barabara ya Argwings Kodhek ukienda stejini. Je, unajua mwenye jina hilo alikuwa nani? Serikali ya kikoloni ilimpeleka Uingereza akasomee mambo mengine, si sheria. Akarudi akiwa wakili wa kwanza Mwafrika nchini mwetu. Alifariki katika ajali Januari 1969, kwenye barabara hiyo hiyo, nayo ikaja kupewa jina lake.

Nami sikufika udaktari moja kwa moja; nilianzia KMTC, chuo cha mafunzo ya afya. Nilihitimu mwaka 1980 nikawa afisa wa kliniki, nikapelekwa kituo cha afya kisichokuwa na daktari wala umeme. Wagonjwa waliniita daktari. Nami kila nikiitwa hivyo nilijua bado sijawa daktari. Nikaomba nafasi ya udaktari chuo kikuu mara tatu, zikaja barua tatu za masikitiko. Mwaka 1988, nina miaka 31 na mama yako ana mitatu, nilifanya upya mtihani wa Kidato cha Sita kama mtahiniwa wa kibinafsi. Nilisoma kwa taa ya mafuta baada ya zamu. Safari hiyo nikaitwa.

Huko chuoni nilifanya jambo linaloniuma hadi leo: niliona haya. Wenzangu walikuwa vijana wa miaka 20, nami sikumwambia yeyote nilikotoka. Biokemia ikanirudisha mwaka mzima, haya ikazidi.

Siku moja wodini aliletwa mtoto wa miezi minne, ameharisha mpaka utosi umebonyea. Wenzangu wawili wakamchoma mkono, wakamchoma mguu, mshipa haupatikani. Nikasogea. Nikamnyoa nywele kidogo juu ya sikio, nikapapasa kwa ncha ya kidole, nikaingiza sindano. Dripu ikaanza kudondoka. Profesa akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamjibu, "Kituo cha afya, mama wa mtoto akinishikia tochi." Hakuna aliyecheka.

Basi nakuusia. Omba KMTC. Diploma ni miaka mitatu, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Vipo vyuo vikuu vinavyomkubali mwenye diploma nzuri asomee udaktari, lakini jua kwamba shahada yenyewe ni kama miaka sita mingine. Sitakudanganya, ni safari ndefu. Wahenga walisema kawia ufike. Hawakusema ukawie umeketi. Na ukifika uafisa wa kliniki ukaona moyo umetulia, tulia. Afisa wa kliniki si daktari aliyeshindwa. Kuna vijiji ambavyo bila yeye hakuna mwingine.

Tena, akija mtu na karatasi za kung'aa akikuahidi chuo cha ng'ambo, usimpe hata shilingi kabla hujatembea hadi Barabara ya Woodlands, karibu na Barabara ya Lenana, kwenye ofisi za Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Uliza kama chuo hicho kinatambuliwa. Aliyesomea nje hupimwa na Baraza hilo kwa mtihani kabla ya kuruhusiwa kutibu hapa. Nimewaona wazazi waliouza shamba, mtoto akarudi na shahada isiyompeleka popote. Kutoka hapa nyumbani hadi ofisi hizo ni mwendo wa miguu, nawe huna kisingizio.

La mwisho. Cheti changu cha KMTC kilikaa ndani ya droo miaka zaidi ya 30, chini ya risiti za stima, huku kile cha shahada kikining'inia sebuleni. Jana nimekipeleka kwa fundi wa fremu. Kakichukue Ijumaa, nimeshalipa. Ukitundike juu ya kile kingine, maana ndicho kilichotangulia.

Nyanya yako