Mwanagenzi Si Popo

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kusikia hadithi ya popo. Ndege walipokuja kumdai kodi, alionyesha meno akasema yeye ni mnyama. Wanyama nao walipokuja, alikunjua mabawa akasema yeye ni ndege. Nikiwa mwalimu wa shule ya msingi niliwasimulia watoto hadithi hiyo mara nyingi, nao wakacheka. Sikudhani kwamba siku moja ningemwona popo aliyefanywa popo na watu wengine bila kupenda kwake, tena ndani ya nyumba yangu hapa Kaloleni, Kisumu.

Binti wa kaka yangu alikuja kukaa nami alipopata nafasi ya kusomea ushauri nasaha na saikolojia katika chuo kikuu. Babake huuza omena na mbuta huko Usenge, na karo ya binti huyo ilitoka ziwani, debe baada ya debe. Alipoingia mwaka wa tatu, chuo kilimtaka afanye mafunzo ya nyanjani kwa majuma 12. Alitakiwa kuketi na watu wenye shida, awasikilize, naye msimamizi amwongoze na mwishoni atie sahihi idadi ya saa alizofanya. Bila sahihi hiyo, hakuna shahada.

Hapa mjini tuna hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo sisi wazee bado twaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Lakini si huko alikokwenda. Alipata nafasi mahali pengine, ambapo sitapataja kwa sababu nia yangu si kumwaibisha mtu. Barua aliyokuwa nayo ilitoka chuoni na ilikuwa na mistari minne tu, ikiomba asaidiwe kupata mazoezi. Waliompokea walimjibu kwa mdomo: "Karibu, njoo Jumatatu." Basi. Hakuna karatasi iliyotaja saa za kazi, wala msimamizi wake, wala itakuwaje akiumia. Kumbuka pia kwamba karo ya muhula huo ililipwa yote chuoni, na kila siku alihitaji nauli ya magari mawili kwenda na mawili kurudi.

Majuma mawili ya kwanza alirudi akiwa na furaha. Aliketi pembeni ya mshauri aliyeajiriwa, akasikiliza na kuandika. Juma la tatu mshauri yule akaenda likizo. Binti akakabidhiwa ufunguo wa chumba na orodha ya watu. Kutoka hapo aliwaona peke yake, wengine wenye huzuni ya kawaida, wengine wakiwa na mambo mazito ya kutisha. Jumamosi pia ikawa siku ya kazi. Jioni aliketi mbele ya sima na sukuma wiki bila kugusa. Nilipomuuliza ana nini, alinyamaza, maana mshauri nasaha hakatazwi kulia ila hukatazwa kusimulia siri za watu.

Usiku mmoja aliniambia, "Shangazi, mimi sina wa kumuuliza kama nimefanya vyema au vibaya."

Nami, kwa ujuaji wangu, nilimjibu kwa methali: "Mvumilivu hula mbivu." Nikamweleza jinsi mimi nilivyofanya mazoezi ya ualimu katika miaka ya 1980, nikitembea maili tatu kufika shuleni, bila senti mfukoni, na sikufa. Aliitikia kwa adabu, "Sawa, Shangazi," akaenda kulala.

Msomaji, jibu hilo lingali linaniuma. Nilisahau jambo moja. Katika mazoezi yangu, mkufunzi alikuja, akaketi nyuma ya darasa, akasoma maandalizi yangu na kuyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Na nilipokosea, kosa langu lilikuwa hesabu ubaoni, nikaifuta. Kosa la mwanagenzi wa saikolojia haliko ubaoni. Liko katika maisha ya mtu aliyeketi mbele yake, na kifutio hakuna.

Juma la sita, siku ya Jumatano, jamaa fulani walimleta ndugu yao aliyekuwa amepandwa na maradhi. Mtu yule alikuwa na hofu kubwa, wala simlaumu hata kidogo. Alitaka kutoka, binti alikuwa kati yake na mlango, akasukumwa, akaanguka juu ya kona ya meza. Kifundo cha mkono kikavunjika. Aliandikiwa eksirei na plasta. Alipofika kwenye dirisha la malipo akasema yeye hufanya kazi papo hapo. Karani akapiga simu ofisini, na jibu likaja: "Huyo si mfanyakazi wetu, ni mwanafunzi."

Sasa sikiliza. Jumamosi iliyotangulia, alipoomba ruhusa akasome kwa ajili ya mtihani, ofisi hiyo hiyo ilimwambia, "Kazi ni kazi, hapa hakuna mambo ya wanafunzi." Yaani kwenye kufanya kazi ni mfanyakazi, kwenye gharama ni mwanafunzi. Ndiye popo wangu huyo. Tulilipa kwa pesa nilizokopa katika chama chetu cha akina mama.

Usiku ule sikulala. Kesho yake nilianza kuuliza, na kijana mmoja jirani anayesomea sheria alinisaidia kusoma. Niliyojifunza nakupa, maana huenda nawe una mwana au binti anayejiandaa kwenda mazoezini.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mtu haki ya kutendewa haki katika mambo ya kazi. Haikusema "kila mwenye mshahara". Sheria ya Ajira ya 2007 inapoeleza mfanyakazi ni nani, inamhesabu pia mwanagenzi aliye katika mkataba wa kujifunza kazi. Sheria hiyo yataka mkataba wa kazi wa miezi 3 au zaidi uwe kwa maandishi, nayo yamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na taratibu zilizoandikwa za kuzuia udhalilishaji wa kingono. Mzazi mwenye binti anayefungiwa chumbani na wageni hadi jioni ataelewa umuhimu wake. Na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya 2007, yamtaja vilevile mwanagenzi mwenye mkataba.

Umeona neno linalorudi? Mkataba. Mwenye karatasi ana pa kushika. Aliyeambiwa tu "njoo Jumatatu" yumo mikononi mwa huruma za watu.

Tena yafaa tutofautishe makundi mawili ambayo sisi wazazi huyachanganya. Kuna aliyekwisha hitimu, kama daktari mwanagenzi, ambaye ana shahada mkononi na hupangiwa hospitali kabla ya kupewa leseni kamili. Na kuna mwanafunzi ambaye bado anasoma, kama huyu wetu. Madaktari wanagenzi wana chama chenye nguvu. Mkataba wa pamoja wa 2017, uliotiwa sahihi baada ya mgomo wa siku 100, uliwapa kama shilingi 206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ilipotaka kuwalipa 70,000, madaktari waligoma tangu Machi 14 hadi Mei 8, na Desemba mwaka huo serikali ikakubali kufuata mkataba wa 2017. Mwaka huo huo wa 2024, mwezi wa Aprili, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kuwaajiri walimu waliokwisha hitimu na kusajiliwa kama wanagenzi ni kuwanyima haki zao, ingawa Tume ya Huduma za Walimu ilikata rufaa. Mwanafunzi wa saikolojia hana mgomo wala wakili. Ana Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, iliyounda bodi ya kusajili watu wa fani hii na kusimamia kazi yao. Hiyo ni hatua njema, lakini bodi haiwezi kukaa katika kila chumba.

Wenzetu wamefanyaje? Kule Uingereza, anayesomea saikolojia ya kitabibu huajiriwa na Huduma ya Taifa ya Afya kwa muda wa miaka 3 ya mafunzo, akalipwa mshahara kama mfanyakazi. Afrika Kusini wana mwaka mzima wa unagenzi katika vituo vilivyoidhinishwa, na tangu 2003 mwanasaikolojia wa kitabibu hutumikia umma kwa mwaka mwingine kabla ya kujitegemea. Jambo kubwa huko si pesa pekee. Ni kwamba kila mtu anajua mwanagenzi ni wa nani.

Najua utaniambia, "Mwalimu, vituo vyetu ni maskini. Ukidai kila mwanafunzi alipwe, milango itafungwa." Umesema kweli, nami sidai hivyo. Msimamizi anayemfundisha mwanafunzi naye hutumia saa zake, na mara nyingi haongezwi hata senti. Lakini kuna vitu visivyohitaji hazina kubwa: barua yenye tarehe na saa, jina la msimamizi, nambari ya simu ya kupigwa mambo yanapozidi, na bima. Na ikiwa mwanafunzi anashikilia nafasi ya mtu aliye likizo, hayo si mafunzo tena. Hiyo ni ajira, na ajira ina malipo yake.

Kaka yangu alipofika kutoka Usenge, tulikwenda chuoni sote watatu. Mhadhiri anayesimamia mafunzo ya nyanjani alitupokea kwa heshima. Alipouona mkono ule uliofungwa plasta, aliweka kalamu chini akamuuliza binti, "Kwa nini hukuniambia mapema?"

Binti akamtazama babake, kisha akanitazama mimi. Akajibu, "Niliambiwa nivumilie."

Hakusema ni nani aliyemwambia. Nililisema mwenyewe, maana mtu mzima hajifichi nyuma ya mtoto.

Matokeo yake hayakuwa ya sherehe. Tulipoteza majuma yote 6, kwa kuwa saa alizofanya peke yake bila msimamizi hazikuhesabiwa. Pesa za plasta hazikurudi. Alihamishiwa kituo kingine muhula uliofuata, akachelewa kuhitimu, na kaka yangu akavua nauli nyingine kutoka ziwani. Lakini safari hii alikwenda na barua ya kurasa mbili: siku tano kwa juma, saa zimetajwa, msimamizi ameandikwa jina, saa moja kila Ijumaa ya kuketi naye na kuzungumza juu ya watu aliowaona, na bima ya ajali. Ijumaa alirudi amechoka kama kawaida, lakini alikula.

Kwa hiyo, ewe mzazi, kabla mwanao hajakwenda mazoezini, muulize maswali haya, naye akayaulize huko aendako. Msimamizi wako ni nani, naye ana leseni? Akiwa likizo, nani atakaa mahali pake? Utaona watu wangapi kwa siku? Je, chumba kina mlango unaoweza kuufikia upesi? Ukiumia, nani atalipa, chuo au kituo? Barua iko wapi? Na ewe mwanafunzi, andika katika daftari lako saa ulizofanya kila siku, bila kutaja siri za watu, ili siku ya kuulizwa uwe na la kuonyesha. Ukielemewa, mwambie mhadhiri wako siku hiyo hiyo. Kuomba msaada si ulegevu. Ndivyo unavyowafundisha wagonjwa wako, sivyo?

Nanyi wakuu wa vituo na vyuo, mtu anayesikiliza machozi ya wengine kutwa nzima naye ana kifua, na kifua hujaa. Mkimfanya ndege, mpeni kiota. Mkimfanya mnyama, mpeni zizi.

Nami ile methali ya mvumilivu sijaitupa, maana ni ya wahenga. Ila sasa, kijana anapokuja kwangu na shida, kwanza namuuliza anavumilia nini, na kwa faida ya nani. Kisha ndipo namjibu.